Mzee Aliyekaa Nyuma ya Gurudumu Langu

Wakati huo nilikuwa ninaishi mtaa wa Jamhuri, Nairobi, na kufanya kazi kwenye duka la kuchapisha mabango huko River Road. Kila asubuhi nilienda kazini kwa baiskeli ya mbio niliyoipata ikiwa imezeeka tayari. Fremu yake ni ya chuma, rangi imebanduka, kiti kimeshonwa mara mbili. Lakini nikiteremka Barabara ya Ngong kabla magari hayajajaa, nilikuwa mtu mwingine kabisa. Nilikuwa niko Ulaya, nimewaacha wote.

Jioni nilikuwa natazama mbio za ng'ambo kwenye simu, na kilichonimaliza ni magurudumu. Yangu yalikuwa na rimu nyembamba na spoki nyingi. Yao rimu zilikuwa za kaboni nyeusi, zimeingia ndani karibu nusu ya gurudumu, na wengine gurudumu la nyuma limezibwa lote kama sahani. Sababu niliielewa hata kama fizikia niliiachia kidato cha pili. Spoki zikizunguka zinakoroga hewa kama mwiko kwenye uji, na kukoroga kunachosha. Ukiziba, hewa inateleza inaenda zake.

Dukani kulikuwa na bango la kliniki ya meno, tabasamu kubwa la ukutani, ambalo mwenye kliniki alilikataa kwa sababu fizi zilitoka kijani. Nikaomba nipewe. Nikakata miviringo miwili, nikaibana kwenye spoki za nyuma kwa vibano vya plastiki, huku mmoja na kule mmoja, kingo nikazipiga gundi. Ningeishia hapo, ningekuwa salama. Lakini kipande kikubwa kilibaki, na kazini kwetu bango halitupwi likiwa na nafasi. Linakatwa mpaka liishe. Mkono ulikuwa umezoea hivyo. Nikaziba gurudumu la mbele pia.

Jumapili jioni nilizunguka nalo mitaa ya Jamhuri, kati ya kuta na nyua za michongoma. Lilikuwa linavuma, vuuu, kama kitu cha maana. Mama anayeuza mboga kwenye kona aliniuliza, "Na hiyo baiskeli inacheka inaenda wapi?"

"Nakuru, mama."

Nakuru ndiko kulikokuwa na mbio mwezi uliofuata, na timu ya kundi letu la baiskeli ilikuwa imebakisha nafasi moja. Niliitaka mpaka nikampigia mama yangu simu nikamwambia nimeshaipata. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka kusikia atafurahi vipi.

Kundi letu halipimi mtu kwa saa. Kapteni anakupanga mbele ya mwendeshaji mmoja, tairi lake likiwa karibu kiganja kimoja nyuma ya lako, safari nzima. Mkifika, huyo wa nyuma anaulizwa swali moja tu: ulimwamini? Maana aliye nyuma haoni barabara, anaona mgongo wako. Ukiyumba, mnaanguka wote, na yeye ndiye anaanguka vibaya.

Kapteni ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, na hata akiwa na helmeti ana sauti ya darasani. Jumamosi iliyofuata, siku yangu ya kupimwa, alisimama mbele ya baiskeli yangu akainama.

"Hii ni nini umeweka?"

"Ni ya kukata hewa, madam."

"Mimi naona meno."

Wakacheka. Mzee mmoja wa kundi, fundi wa mabomba mwenye ndevu za mvi, akasema, "Ikikasirika itauma nani? Si mimi niko nyuma?"

Hivyo ndivyo nilivyojua ni yeye nimepangiwa. Mwaka uliopita mzee aliguswa gurudumu na mtu aliyekuwa mbele yake, akavunjika mfupa wa bega. Hiyo ilikuwa Jumamosi yake ya tatu tangu arudi.

Kapteni hakucheka sana. "Ya nyuma iache. Lakini ya mbele ndiyo imeshikana na usukani. Upepo ukiipiga kando itageuka bila kukuuliza. Umeijaribu kwenye upepo?"

"Nimeijaribu," nikasema. Na nilikuwa nimeijaribu, mahali ambapo hata moshi wa jiko hupanda wima.

"Haya. Mzee, kaa nyuma yake."

"Kijana, bega langu moja lina chuma ndani," mzee akaniambia. "Nipeleke kama mayai." Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona akifunga helmeti, akaifungua, akaifunga tena.

Tuliingia barabara kuu ya Southern Bypass tukapita msituni, na msituni nilikuwa mfalme. Miti imekinga pande zote, magurudumu yanavuma, mzee yuko nyuma kimya. Tulipotoka kwenye miti na mbuga ikafunguka upande wa kulia, upepo ulianza kutusukuma, lakini ulitusukuma kushoto, kuelekea nyasi. Nikayumba kidogo nikajirekebisha. Nikafikiri, kumbe ni hivi tu.

Tulipogeuka kurudi ndipo nilipoona ujinga wangu. Sasa mbuga ilikuwa kushoto, na upepo ule ule ukawa unatusukuma kulia, kwenye malori.

Kapteni alipaza sauti, tukajipanga mshazari, kila mmoja akijificha ubavuni mwa mwenzake. Wengine waliinamisha bega kidogo tu wakaendelea. Mimi ule mdomo wa mbele ulikuwa umeshika upepo wote wa mbugani. Nililala kushoto kuupinga, mikono imekaza mpaka viwiko vinauma. Ubaya wake ni kwamba upepo haupigi sawasawa. Unapita kichaka, unakatika ghafla, na wewe umeegemea kitu ambacho hakipo tena. Nikaruka kushoto. Kichaka kikaisha, nikatupwa kulia. Lori likapita na mimi nikahisi joto lake mguuni.

"Shika mstari," mzee akasema nyuma. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Halafu nikaanza kumsikia. Baiskeli ikiwa inakanyagwa, gurudumu la nyuma liko kimya. Ukiacha kukanyaga linalia tik-tik-tik. Mzee alikuwa anaacha kila mara. Anakanyaga kidogo, tik-tik-tik, anarudi nyuma, anajilazimisha kunikaribia tena. Alikuwa anajaribu kuniamini, na alikuwa anaogopa. Niliwaza Nakuru. Niliwaza mama, na jinsi alivyosema atawaambia wa kanisani. Ilibaki kama kilomita nne kufika kwenye miti, na nilijiambia kilomita nne si kitu, nitakaza.

Upepo ukanirusha tena, na nyuma nikasikia breki zake na pumzi moja fupi, kama mtu aliyeshikwa mahali penye kidonda.

Nikainua mkono.

"Mzee, pita. Natoka."

"Ukitoka umetoka, unajua," akasema.

"Najua. Pita."

Alipita bila kunitazama, akajiunga na wa mbele, na kwa dakika chache tu walikuwa wadogo kwa mbali. Nilisimama kando ya barabara. Sikuwa na kisu. Nilipasua lile tabasamu kwa ufunguo wa nyumba, jino moja moja, nikavikunja vipande nikaviingiza kwenye fulana visipeperuke barabarani. Nililia kidogo. Halafu nikapanda, na baiskeli ikaenda, nzito na ya kawaida, imenyooka.

Niliwakuta kwenye kituo cha mafuta ambako huwa tunakunywa chai. Wote waligeuka kunitazama nilipoingia, ndipo nikajua swali bado halijaulizwa. Walikuwa wameningoja.

"Mzee," kapteni akasema. "Ulimwamini?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Kwenda, nusu nusu. Kurudi, hapana. Hata kidogo. Niliona watoto wangu wote."

Hakuna aliyecheka.

"Halafu akatoka mwenyewe," akaendelea. "Aliyenivunja bega hakutoka. Nilimwomba mara tatu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo Nakuru hapana, madam. Asiende. Swali ni moja na nimelijibu."

Nilitikisa kichwa kukubali, maana ilikuwa kweli. Kapteni akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema upepo nilikuwa sijaujaribu, nilidanganya.

"Nilijua," akasema. "Darasa la nne wanadanganya vizuri kukushinda."

Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Mzee alisogea kwenye benchi akanipa nafasi, akanisukumia sahani yake ya mandazi.

"Kula. Na ukimaliza mpigie mama yako," akasema. Sijui aliambiwa na nani. "Mwambie ukweli leo, ukiwa bado umechoka. Kesho itakuwa ngumu zaidi."

Nikatoka nje na simu, mahali ambapo pampu zinakinga upepo, nikampigia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza huyo mzee anaendeleaje na bega lake.