Kampire na Waimbaji wa Rugera

Mwaka 1983, siku ya mwisho ya tamasha la ngoma pale Nkwenda, mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Apolinary, aliuliza kama kuna mwenye neno. Alitegemea shukrani. Akasimama Kampire, mkulima wa Rugera, mwanamke mwembamba aliyeingia Karagwe kutoka Rwanda akiwa binti wa miaka kumi na miwili, na ambaye bado alipalilia mibuni ya watu ili alishe wanawe, Fidele na wadogo zake.

"Shikamoo, Mwalimu. Kila mwaka mnatuletea lori wiki moja kabla ya tamasha. Mnachagua wachezaji, mnawapakia, mnawarudisha. Halafu ninyi hatuwaoni tena mpaka mwaka mwingine. Sisi ni watu au mizigo?"

Mwalimu alikunja uso, lakini hakuwa mtu wa kukwepa swali.

"Marahaba, Mama Fidele. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekuja mwezi wowote. Ningekaa na watu."

"Basi kaa nao. Kuanzia leo wewe ndiye mjumbe wetu Rugera."

Alirudi nyumbani na cheo kisicho na hata karatasi. Jirani yake Ildefonsi, mpiga ngoma, alicheka mbele za watu. "Mnyarwanda atufundishe ngoma zetu!" Maneno hayo yalimchoma. Akaamua hatamfundisha mtu, atauliza.

Alianza kwa Bibi Kokwijuka, mkongwe wa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na ambaye alijua nyimbo za harusi zilizosahauliwa na wote. Bibi alimkatalia. "Nyimbo zangu za nini? Si mna redio?" Kampire hakubishana. Alichukua kisu akamsaidia kumenya ndizi, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi, na nyingine pia. Mara ya nne Bibi alianza kuimba chinichini. Kampire akaitikia, akakosea.

"Hapana, hapana! Unaukatiza njiani. Sikiliza!"

Tangu siku hiyo hawakunyamaza tena. Wanawake wa jirani walianza kuja na ndizi zao kumenyea pale. Baada ya kuvuna maharage walishafika thelathini, na wanaume wakaja na ngoma. Mwalimu Apolinary naye alikuja kwa baiskeli kila baada ya miezi miwili, akaketi chini kama wengine, akaandika beti kwenye madaftari yake. Siku moja Ildefonsi alisimama mlangoni na ngoma yake begani, akitazama chini. Kampire alisogea kumpisha.

Mwaka 1984, wiki moja kabla ya tamasha, ilikuja barua ya Mwalimu: dizeli hakuna wilaya nzima, lori halitakuja, tamasha la mwaka huu limefutwa. Kampire aliisoma kwa sauti. Watu wakainamisha vichwa.

"Kwani nyimbo zinatumia dizeli?" akauliza Bibi Kokwijuka.

Waliondoka kwa miguu Alhamisi alfajiri, watu arobaini na mmoja, Bibi akiwa amebebwa kwenye machela, Ildefonsi ameshika mti wa mbele. Walilala makanisani njiani. Jumamosi mchana wakaingia Nkwenda, miguu imejaa vumbi. Seif Saleh, mwenye duka, alipoiona machela alitoka mbio.

"Pisheni njia! Mgonjwa! Zahanati ni huku!"

Bibi akainua kichwa. "Mgonjwa ni nani, mwanangu? Nipelekeni uwanjani."

Soko zima liliangua kicheko, likawafuata. Bibi aliketishwa kwenye mkeka, akatoa sauti, na Rugera nzima ikamwitikia. Ngoma ya Ildefonsi ikaingia. Wanunuzi wa kahawa waliacha mizani, Seif akaacha duka wazi. Mwalimu Apolinary, aliyekuwa nyumbani akiomboleza tamasha lake, alifika anakimbia na kiatu kimoja. Alimwona Kampire katikati ya duara, mikono juu, akicheza kama mtu aliyezaliwa hapohapo, na hakujali nani aliyaona machozi yake.

Kabla ya kutawanyika, kamati ilikubali kila kijiji kiwe na mjumbe wake wa mwaka mzima. Ilipofika 1990, vilikuwa vijiji kumi na vinne, na Kampire alikuwa akivizungukia vyote.

Bibi Kokwijuka hakuwepo tena. Lakini mwaka huo Kampire alipomwoza binti yake Mukantabana, wasichana wa Ndama, kimoja cha vijiji hivyo, ambao hawakuwahi kumwona yule bibi, walimtoa bibi harusi kwa wimbo wa Bibi Kokwijuka, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, bila daftari mkononi.