Mistari Mitatu ya Chini

Watu wa siku hizi wakinunua printa wanachomeka waya, basi, inachapa. Sisi tulikuwa tunaitambulisha. Kompyuta yetu pale Dar es Salaam ilijaza chumba kizima na kupulizwa ubaridi kutwa, huku sisi watumishi wake tukivuja jasho ukumbini, lakini haikujua lolote kuhusu printa iliyosimama hatua tatu mbele yake. Ilibidi uielezee kwa kadi za matundu: mstari mmoja una herufi ngapi, karatasi ina mistari mingapi, ianze kuchapa wapi, ikifika wapi iruke ukurasa. Ukiidanganya inakubali, tena inatii kwa adabu zote.

Aliyenifundisha kazi ile alikuwa mama mmoja wa Pangani, mkubwa wangu wa kazi. Mtu mfupi, mtaratibu, akifika asubuhi anavua buibui mlangoni, analikunja na kuliweka juu ya kabati la tepu. Nilimvulia kofia mapema, ingawa kwa shingo upande, maana nilikuwa kijana wa Bagamoyo niliyefaulu hesabu na nilijiona hakuna kama mimi. Mama yule aliweza kuweka kiganja juu ya printa inayonguruma, akasikiliza kidogo, akasema utepe umelegea. Unafungua, umelegea kweli. Alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likanichosha: usiiambie kompyuta unavyotaka karatasi iwe, iambie ilivyo.

Kwenye kadi zake, kila ukurasa uliishia mistari mitatu kabla ya mkunjo wa karatasi, pale inapochanwa. Mimi niliona ni israfu tupu. Karatasi wakati ule ilitafutwa kwa tochi, na kila siku tunahimizwa kubana matumizi. Basi mama alipokwenda kwao Pangani kuzika, nikatoboa kadi mpya na kuipa printa ile mistari mitatu ya chini. Wallahi nilijipongeza.

Kazi iliyofuata ilikuwa orodha ya wasichana waliochaguliwa kusomea uuguzi, wilaya kwa wilaya, nchi nzima. Mdogo wangu alikuwa ameomba, lakini tulikuwa tumekula kiapo cha kutosoma tunayoyachapa, na hilo, nijisifu kidogo, nililitii. Nilizichana kurasa, nikazipanga mabunda na kuzipeleka kwenye kisu kikubwa. Ofisini kwetu karatasi haikutoka na meno ya mchaniko. Tuliikata ukanda mwembamba juu na chini ili ipendeze. Watu wa pwani tena, hatupeleki kitu kwa watu hakijanyooshwa. Vile vikanda nikavisukumia kwenye takataka.

Jumamosi nikaenda kwetu. Mdogo wangu alikuwa ameomba mara ya tatu, na mwaka unaofuata umri ungekuwa umempita, hakuna tena nafasi. Tulikwenda pamoja kusoma orodha ukutani, ofisi ya wilaya. Jina lake halikuwapo. Akabaki amesimama, pindo la kanga mdomoni, nami roho inaniuma kuliko yeye. Ndipo nikahesabu mistari. Ukurasa wa kwanza ulipungua mmoja, ule wa chini kabisa. Kisu changu kilikuwa kimeula. Nikatazama jina la mwisho lililosalia na la kwanza la ukurasa wa pili, nikaona kwa alfabeti jina la mdogo wangu linakaa katikati yake barabara.

Nilicheka kwa furaha. Nikamwambia amechaguliwa, ni printa tu, Jumatatu namrudisha. Ningeweza kusubiri nikahakikishe kwenye kadi za majina kule ofisini, lakini ya nini, na mimi ndiye fundi? Mama yetu akapika vitumbua, majirani wakala, na jioni mdogo wangu akaenda kuazima sanduku la safari.

Jumatatu mkubwa wangu alikuwa amerudi. Nilimwamkia, nikampa pole ya msiba, nikakiri kosa na papo hapo nikampa dawa yake: aniruhusu nilipige taipu jina la mdogo wangu chini ya ukurasa wa Bagamoyo, tugonge muhuri, yaishe. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Aliichukua kadi yangu, akaiinua kwenye mwanga na kuyasoma matundu yake. Hakupandisha sauti.

"Wa kwenu umemwona," alisema. "Wa Mafia kamwona nani? Wa Kigoma je?"

 Lilikuwa halijanipitia kabisa akilini kwamba karibu kila ukurasa wa nchi hii umepoteza mtu wake. Akaandika barua kwa wakubwa kwamba kosa ni la sehemu yake. Jina langu hakulitaja. Akanikalisha nitoboe kadi upya, mistari mitatu wazi. Tukachapa orodha yote tena, na karatasi niliyojidai kuiokoa ikatumika maradufu. Kesho yake aliomba ruhusa ya kuzisoma kurasa kabla hazijakwenda kwenye kisu, akapitisha kidole mstari wa chini, ukurasa mmoja baada ya mwingine, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nimefanya kazi na wasomi wengi baada yake. Sijamwona mwingine wa namna ile.

Alipofika kurasa za Bagamoyo kidole kikasimama, akaniita. Jina lililopotea lilikuwa pale. Lilianza kwa herufi zilezile tatu za jina la mdogo wangu, lakini lilikuwa la msichana mwingine, wa Miono, wilaya yetu hiyohiyo, simjui. Tukatafuta kurasa zote za wilaya. Mdogo wangu hakuwapo.

Mkubwa wangu hakunisimanga. Mimi ndiye niliyekaa chini, nikifikiri kwamba angenikubalia Jumatatu ile, ningempa mdogo wangu nafasi ya mtoto wa watu, kwa muhuri, na nisingejua mpaka naingia kaburini. Akanipa ruhusa ya siku mbili, na orodha mpya ya Bagamoyo niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta mdogo wangu uani, sanduku la kuazima liko wazi, nusu limejaa. Nikamwambia. Alilia bila kujificha. "Wewe ndiye uliyeniambia," alisema, na mimi nikalia pia, mtu mzima, mbele ya mama yangu.

Alipotulia akauliza kama yule wa Miono ameshapata habari. Nikasema bado, barua itamfika juma hili au lijalo.

"Na yeye amelia tangu Jumamosi," alisema. "Nenda kamwambie leo."

Nilikuwa hata viatu sijavua. Nikaenda.