Mwali kwenye Dirisha la Studio

Mimi hupiga picha za paspoti hapa Kibiti, lakini ugonjwa wangu ni picha za kale. Nasema zile za karne ya kumi na tisa, kamera ilipokuwa sanduku juu ya miguu mitatu na mtu akiambiwa akae kama gogo. Waliokaa kama gogo siwataki. Nawataka waliokosea: aliyecheka, aliyegeuka, aliyejikuna. Hao ndio naona walikuwa watu.

Huyu nilimpata Unguja, kwenye sanduku la vikorokoro la mfanyabiashara mmoja. Binti wa miaka kama kumi na mitano, mlangoni mwa kibanda cha makuti, kaniki kifuani, mkono kauinua mbele ya uso hadi vidole vimekuwa ukungu. Nyuma mtu kaandika kwa wino: Rufiji. Wallahi nililipa bila kupatana bei, maana kwenye makusanyo yangu yote sikuwa na hata mtu mmoja wa kwetu. Nikaona anapunga, anamsalimu mpiga picha. Nikamchapisha mkubwa, nikamweka kwenye dirisha la studio linalotazama barabara, wa kwao wapite wamwone, waniambie ni nani. Nilitaka kumjua tu, basi.

Miezi mitatu wanaume walisimama wakimtazama. "Mtoto mzuri huyo," wanasema, wanaenda zao.

Kisha akaja mama mmoja mtu mzima kutoka Nyamisati, anataka picha ya kitambulisho. Hakufika hata kwenye kiti. Alisimama dirishani, akavua khanga yake ya juu, akamfunika yule binti.

"Una akili timamu wewe? Huyu ni mwali!"

"Mama, ni picha tu. Tena ya zamani mno."

"Tazama nywele, hazijaguswa. Tazama ngozi ilivyotakata kwa kukosa jua. Huyu kawekwa ndani, hajachezwa unyago, haruhusiwi kuonwa na mwanamume. Kafungua mlango kidogo, kakuta mtu na dude lake la kupigia picha. Hapungi huyo, anajificha! Na wewe umemwanika barabarani."

Nilibisha, maana mimi mbishi. Nikamwambia hii ni historia, watu waione. Akanikata: "Ana mama yake huyo." Akaondoka bila kupiga picha.

Nilimshusha, nikamfungia kabatini pamoja na picha yake ndogo ya asili. Haikusaidia kitu. Kila msichana aliyeketi mbele ya kamera yangu nilimwona anataka kukimbia, nikashindwa kubonyeza. Mchana kweupe, mtu mzima na ndevu zangu, nikitaka kufungua lile kabati napiga hodi kwanza. Niliogopa, sifichi.

Mwisho nikazifunga picha zote mbili kwenye shuka, nikaenda Nyamisati kumtafuta yule mama. Wala hakushangaa kuniona. "Mwali haachwi ndani," alisema. "Anatolewa."

Wanawake walimweka chumbani siku saba pamoja na kungwi wao, wakamwimbia yanayoimbwa, mimi sikuyasikia. Ijumaa baada ya swala wakamtoa. Kabebwa begani, kaviringishwa khanga mpya, ngoma mbele, vigelegele nyuma. Jina lake hakuna aliyelijua, wakawa wanamwita mwanetu. Mimi nilikalishwa kwenye mkeka wa baba wa mwali, nikapakuliwa pilau wa kwanza. Nililia, tena mbele za watu.

Wakaenda kumsitiri wanakokujua wao. Waliporudi, yule mama akaja kukaa karibu yangu, macho mekundu.

"Mwanangu, umezileta zote? Hakuna iliyobaki mahali, mwanaume akamwona tena?"

Nakala niliyoipiga kwa simu ili nimchapishe mkubwa ilikuwa bado humo kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

"Zote, mama," nikasema.

Akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amina.