Soksi Ndani ya Mashine

Juzi, katika duka moja Kabalagala, muuzaji alinifungulia mlango wa mashine ya kufulia, na harufu ya mpira ikanirudisha kwenye alasiri ile ya 1972, mwaka Wahindi walipofukuzwa nchini, nilipofuatana na mama kununua mashine yetu ya kwanza.

Mwenye duka mpya alikuwa mwanajeshi, lakini ndani mlinukia bado udi wa familia ya Kihindi iliyokuwa ikiishi nyuma ya duka. Niliambiwa wamesafiri, nami nikawaonea wivu. Mashine yao ilikuwa uani, bado imeunganishwa na bomba. Nilirukaruka kwa furaha. Kwetu Kibuli, hakuna jirani aliyekuwa na kitu kama hicho.

Mama hakujali rangi wala ukubwa. "Afande, inasuuza mara ngapi?" Kwake, nguo yenye najisi haikufaa kuswalia mpaka isuuzwe mara tatu.

"Mama, hii iko muzuri sana! Inafua yenyewe!"

"Mara ngapi?"

Afande hakujua. Basi mama akataka iwashwe palepale, tukachuchumaa wote watatu mbele ya kioo cha duara, tukihesabu kwa sauti. Maji yalipoingia mara ya tatu nilipiga kelele, na afande akapiga makofi.

Mlango ulipofunguliwa, nikakuta soksi moja nyeupe ya mtoto. Nilidhani ni zawadi ya mnunuzi. Nikaivaa mbichi hivyohivyo, ikanienea barabara. Mama aliutazama mguu wangu.

Juzi muuzaji alikuwa bado anaisifia mashine yake, na mkono wangu ulikuwa ndani, unatafuta soksi ya pili.