Mkaja wa Mama Mwenye Nembo Usoni

Bwana Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, maana Kisarawe tunajuana na gazeti lako husomwa kwa sauti barazani. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, naishi upande wa Msimbu, na nimechumbiwa na karani.

Marehemu baba alikuwa Mzaramo. Mama ni Mmakonde. Walikutana kwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha. Uso wa mama umejaa nembo, mistari ya pembepembe toka paji la uso hadi kidevuni, na mdomo wake wa juu una ndonya, kipande cha mti kinachopachikwa tunduni. Kwao alichanjwa kwa kisu kidogo akasuguliwa masizi, na kwa kuwa hakulia, alishangiliwa na kijiji kizima. Mimi baba alikataa nisichanjwe.

Mama wa mchumba wangu alipokuja kunitazama, nilimsikia uani akimwambia mwenziwe kuwa watu waliochanjwa nyuso hawezi kuketi nao jamvi moja. Mara mama akatoka jikoni na maji ya kunywa, na mgeni akauliza huyu ni nani. Mdomo huponza kichwa. Nilisema ni jirani, hutusaidia kutwanga, na mama yangu mzazi ndiye huyu, nikamwonyesha shangazi aliyekaa kando yangu. Shangazi aliduwaa. Mama aliweka maji chini, akasema, "Karibuni, wageni wa jirani yangu," akarudi jikoni.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe nimesahau mkaja! Ninyi mnajua, nguo ile hupewa mama aliyembeba bibi harusi tumboni, anaipokea kwa mikono yake mbele ya wazee wa pande zote mbili. Wanaileta mwezi ujao. Shangazi amekataa katakata.

"Mwanangu, mimi sijapata kuzaa," aliniambia. "Nikiupokea mkaja wa mwenzangu, Mungu nitamwambia nini?"

Nimemlilia, hataki kusikia. Anasema nisipotoboa mimi, siku hiyo atasimama aseme yeye. Hapo posa itavunjika, nami nitakuwa gumzo toka hapa mpaka Mzenga. Yule kijana nampenda, siwezi kudanganya, na roho yangu mwenyewe naichukia.

Mama hajanigombeza hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Juzi mchana nilimkuta chumbani ameitoa ndonya, amejitanda kaniki mpaka puani, anatembea toka kitandani hadi mlangoni. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona bila ndonya. Aliponiona hakushtuka.

"Siku hiyo nikikaa nyuma hivi," aliuliza, "watanijua?"

Wasomaji, mama zangu na dada zangu, niamueni: niseme kweli nimkose mume, au nimbembeleze shangazi tunyamaze, nimkose mama?