Dirisha la Filipo Mughwai

Filipo Mughwai alifagia ofisi za stesheni ya Itigi miaka kadhaa, akarudi kwetu Mungaa na vitu viwili: dirisha la chuma kutoka stoo iliyobomolewa, na dharau. Dirisha akalipachika kwenye tembe la mkewe Dorika. Sisi wenye vitundu vya kupitisha moshi tukaitwa washamba. Mgeni alipelekwa kulitazama kabla hajapewa hata maji ya kunywa. Mtu mzima anajivunia tundu!

Baadaye vioo vikapasuka, chuma kikaota kutu. Kijiji cha ujamaa kilipopangwa, nyumba ile ikaangukia kwenye mstari wa nyumba uliopimwa, na hakuhamishwa. Akadhani serikali imelionea huruma dirisha lake. Kisha ikatangazwa kwamba wakubwa wa wilaya watakuja kukagua nyumba bora. Filipo akachongesha dirisha la mninga, akalipaka rangi ya kijani. Ikabaki kuling'oa la zamani.

Hapo Dorika akaingiwa na hofu. Mvua zilikuwa karibu, na ndani, chini ya dirisha lile, kilikaa kilindo chake cha magome kilichojaa mtama, chakula na mbegu yake yote. Juu ni paa la udongo, nalo halina mzaha. Kwetu ukuta wa tembe hauguswi na mtu mmoja. Unaita majirani, mnaegemeza nguzo chini ya boriti, ndipo mnabomoa, na jioni mnakunywa pombe.

"Baba Esta, ita watu," Dorika alimwambia. Mimi jirani yao nilisikia yote. "Pombe nitapika."

"Niwaite hawa? Wanajua nini kuhusu fremu ya chuma?"

Kujua! Mwenyewe alishajaribu kwa nyundo na tindo, akaishia kujiponda kidole gumba. Akaja kwangu kuazima maksai wangu wa jembe, akisema ana gogo la kuvuta. Nikampa. Nilidhani walau gogo analijua.

Kumbe mnyororo aliufunga kwenye fremu. Msomi wa stesheni! Siku ya kuiweka, ni yeye aliyeikaza fremu ile kwa waya kwenye nguzo inayobeba boriti, na sasa amesahau. Akapiga mjeledi. Fremu ikatoka, nguzo ikaifuata, ukuta ukafuata, na paa la upande ule likashuka lote juu ya kilindo. Maksai wakashtuka, wakatoka mbio hadi mbele ya ofisi ya kijiji, lile dude likirukaruka nyuma yao. Watu walicheka hadi machozi. Mimi sikucheka, maana nilimwona Dorika amepiga magoti kwenye kifusi, anachambua mtama kwa vidole huku analia bila sauti. Nilimchukia Filipo siku ile, na sijaacha.

Dorika akaenda nyumba kwa nyumba. "Shikamoo mama, nyumba yangu imeanguka." Tukaja sote, wale washamba. Filipo tulimkuta amekumbatia dirisha lake la kijani, hajui asimame wapi. Tukasimamisha nguzo, tukafunga fito, tukaanza kukandika. Wanawake walikuja na mtama kwenye ungo, kila mmoja na chake, kilindo kikapata kitu. Pombe haikuwepo, na hakuna aliyeiulizia.

Udongo ulipofika kiunoni, Filipo akasogea.

"Hapa sasa mniachie nafasi ya dirisha."

Tukamtazama Dorika, maana kwetu nyumba ni ya mke. Akachota tope kwa mikono miwili, akalibandika juu ya fito, palepale mumewe alipoonyesha.

"Endeleeni," alisema.

Tukaendelea. Wakubwa wa wilaya walipofika walimkuta Filipo amesimama mbele ya ukuta mzima, ameshikilia dirisha lake la kijani. Mmoja akamuuliza ni la nyumba gani.

Akajibu kwamba anamshikia mtu.