Mawe Manne Chini ya Shitingi

Nianze na aibu yangu, kabla mtu mwingine hajaitangaza: nikiwa na miaka kumi na moja nilibeba mawe manne kutoka Goma hadi milima ya Masisi, ndani ya mfuko ambao wakubwa waliuchagua kwa sababu ulikuwa mwepesi. Juzi mke wangu alikunjua shitingi, turubai jipya la plastiki la kufunikia makala, yaani makaa ya kupikia. Ile harufu ya plastiki iliyokaa imekunjwa dukani ikanipiga puani, na mabega yangu yakaanza kuuma pale pale. Nikainama kidogo. Mke wangu akadhani nataka kumsaidia, maskini.

Mimi ni mtu wa nyumbani, ninyi mnaonisoma mjue hivyo tangu sasa. Hata nikienda soko la Kituku kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikirudi naomba kiti na maji kama mtu aliyevuka nchi. Kwa hiyo mtajiuliza nani alinipeleka kuwinda. Ni Mama.

Papa, baba yangu, alikuwa na mdogo wake huko milimani juu ya mji mdogo wa Sake, tuliyemwita Papa mudogo, mwenye mbwa watatu na mdomo mkali. Kila mwaka Papa alipanda kwake kuwinda simbiliki, yule panya mnene wa kwenye matete ambaye mchuzi wake hunukia hadi barabarani. Lakini mwaka ule Papa alikuwa ametoka hospitali. Mapafu yalikuwa yamemlaza majuma mengi, na daktari alimwambia wazi kwamba akinyeshewa tena, asilaumu dawa. Mama akakataa safari. Papa akasema ataenda. Siku tatu nyumbani ziliongea sahani tu.

Siku ya nne Mama akalegea, kwa masharti mawili: shitingi nyepesi iende, na mimi ndiye niibebe. Akanivuta pembeni, akanishika sikio polepole. "Mvua isimuguse papa yako," aliniambia. "Ni kazi yako moja tu."

Kazi moja! Nilivimba kama maandazi. Nikawaza jinsi shitingi inavyofungwa. Sasa, mtoto wa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, anajua nini? Kwetu chini ni mwamba wa volkano. Ukipigilia kigingi kinakurudia usoni. Harusi, kilio, kibanda cha simu, kila shitingi niliyowahi kuiona ilishikwa na mawe. Nikaamini dunia yote iko hivyo. Tena nikaogopa: je, kama huko milimani mawe hayapo? Alfajiri nikaenda kwenye ukuta wa jirani yetu Mama Kavira, ukuta wa mawe yaliyopangwa bila simenti, nikachagua manne, kila moja kama shu, kabichi changa, yenye matundu mazuri ya kupitisha kamba. Nikayafunga ndani ya shitingi. Hakuna aliyeniona, au ndivyo nilivyodhani.

Kutoka Sake tulipanda kwa miguu. Kila baada ya kona mbili nilikaa chini. Papa hakunigombeza. Alikaa karibu nami, kifua chake kikilia kama mlango usiotiwa mafuta, akamwambia mdogo wake kwamba mtoto amechoka, tumsubiri. Papa mudogo alisimama mbele na mbwa wake, ambao njuga zao zilikuwa zimezibwa kwa majani zisilie kabla ya wakati, akatutazama kama mizigo iliyokosa gari.

Tulipofika juu akafungua mfuko. Akayatoa mawe moja moja, akayapanga kwenye nyasi, akayazunguka.

"Mutoto wa Goma ameleta Goma mu mufuko," alisema. "Ungetuambia, tungekusaidia kubeba na volkano."

Alicheka hadi akakaa. Hata mbwa mmoja aliyanusa mawe yangu akaenda zake. Papa mudogo akachonga vigingi vinne kwa panga, akavipigilia kwa ustadi, akafunga shitingi. Mimi nikatamani kurudi kitandani kwangu.

Saa kumi mchana mvua ilishuka, pamoja na upepo wa kule, ambao hauna adabu. Udongo wa Masisi ni mweusi na mzuri kwa maharagwe, lakini siku ile ulikuwa laini kama bugali. Kigingi cha kwanza kikachomoka bila hata sauti. Cha pili kikafuata. Shitingi ikapiga makofi hewani, na tone kubwa likatua kwenye koti la Papa. Nililiona lile tone. Kikohozi kikamshika, kirefu, akainama mbele.

Papa mudogo hakucheka tena. Bila kunitazama akasema, "Leta ile mawe."

Niliingia mvuani mwenyewe. Nilipitisha kamba kwenye matundu, nikafunga fundo tunalofunga kwetu, jiwe moja kila pembe. Upepo ukavuta, ukavuta, ukaondoka kutafuta wanyonge. Papa alikaa katikati, mkavu kama unga, mimi nikichuruzika maji pembeni yake na kujiona mfalme. Asubuhi njuga zilizibuliwa, mbwa wakaingia kwenye matete, tukapata simbiliki wawili. Papa mudogo aliomba mawe yabaki kwake. Aliomba, nasema.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama ushindi wa akili yangu. Kisha siku moja, tukichambua maharagwe, nikamuuliza Mama kwa nini alinichagua mimi, mvivu wa nyumba nzima. Akajibu bila kuinua macho kwamba ndiyo sababu. Papa asingekubali kupumzika mbele ya mdogo wake, hata kifua kipasuke. Lakini kwa mtoto anayechoka haraka angesimama kila kona. Alinituma niwe breki. Mawe nilijiongezea mwenyewe, na yalifanya kazi yake tangu njiani, kabla hata mvua haijanyesha.

Siku tuliporudi sikujua hayo. Niliingia Katoyi kifua mbele, Papa akitembea nyuma yangu akiwa mzima, nikampelekea Mama Kavira paja la simbiliki nikisubiri sifa. Alilipokea, akaligeuza, akalinusa, akamtazama Papa, kisha akanitazama mimi.

"Papa yako amerudi muzima, na nyama ni ya muzuri," alisema. "Sasa mawe yangu nne itarudi na nani?"